Utepe Usio na Gundi

Zamu yetu Nkuhungu ni Jumanne usiku,
na Jumanne mbili mfululizo bomba lilikohoa hewa tupu.
Ya tatu, saa nane kasoro, nikasikia mita inazunguka.
Nikashuka kitandani, ndoo mkono huu, ndoo mkono ule,
kumbe maji yamenitangulia uani.

Bomba limepasuka karibu na kiwiko,
pale jua linapolichoma mchana kutwa
na baridi ya Julai inapolibana usiku.
Ufa mwembamba kama unywele,
na humo maji yakichapa ukuta, yakichapa kuni,
yakinywewa na mchanga mwekundu
ambao haukuniuliza nina siku ngapi sijafua.

Fundi Chilongani yuko msibani Mpwapwa.
Koki imeliwa na kutu; ikazunguka nusu, ikagoma.

Ndipo mlango wa chumba cha uani ukafunguka.
Sechelela.
Kodi ya miezi miwili, wiki tatu bila salamu,
tunapishana kwenye kamba ya nguo kama treni na ng'ombe.
Akachuchumaa topeni bila neno,
akaukandamiza ufa kwa kidole gumba.
Maji yakamrukia usoni, akafumba jicho moja.
"Basi tafuta kitu, mama. Nitakesha hapa?"

Kitu kilikuwa kwenye droo, chini ya risiti za luku:
utepe mweusi niliouziwa Sabasaba kwa elfu nne
na kijana mwenye maneno mengi kuliko bidhaa.
"Huu hauna gundi, mama. Haushiki bomba,
haushiki kidole chako. Unajishika wenyewe.
Ila uuvute! Usipouvuta, kafungie nywele."

Nikabandua nailoni yake kwa meno.
Tulianzia mbali na ufa, kama alivyoagiza,
mimi navuta mpaka unakonda,
yeye anazungusha kwa mkono mmoja,
gumba lake halibanduki mpaka zamu ilifikie,
kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia.
Tochi ya simu nimeibana kidevuni.
"Vuta."
"Navuta."
"Unaogopa utakatika?"
"Naogopa."
"Vuta hivyo hivyo."
Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu tangu Mei.

Yakapungua: mkondo, uzi, matone,
tone,
kisha tukakaa kulisubiri tone ambalo halikuja.

Tulikinga mpaka kunakucha.
Ndoo, madumu, sufuria la ubatizo wa mwanangu,
beseni la mtoto wake, chupa za soda,
hata birika lisilo na mfuniko.
Sikumsamehe kodi. Naye hakuomba.

Chilongani alirudi Ijumaa na msumeno wake.
Akalitazama bomba, akacheka puani:
"Nani kafunga hivi?"
"Sisi."
Nikatafuta ncha ya utepe kwa ukucha niufungue.
Hakuna ncha. Tabaka zimemezana,
nilipovuta mimi na alipozungusha yeye
hapajulikani tena, mpira mmoja tu, mnene, kimya.
Ilibidi akate huku na huku,
kipande kizima, bomba pamoja na utepe wake,
akaunga kipya na kunidai elfu kumi na mbili.

Kile kipande alikidaka Mbeleje, mtoto wa Sechelela.
Gari lake la waya lilikuwa likichechemea tangu Pasaka
kwa kukosa gurudumu la nyuma.

Mwisho wa mwezi Sechelela alileta kodi, ya mwezi mmoja.
Nikaandika kwenye daftari: *bado mmoja*,
nikamwonyesha, akatikisa kichwa kukubali.

Jumanne iliyofuata maji hayakutoka.
Tulikaa kizingitini hadi saa tisa, ndoo tupu miguuni,
anasimulia alivyowahi kuchuma zabibu Hombolo kwa kibarua,
namsikiliza nusu,
nusu nasikiliza mita.